Kigumba Kilichovunjika

Msomaji, ikiwa umepata kulima au kuchunga mifugo katika Bonde la Ufa, yamkini umekwisha kukikanyaga kitu nitakachokueleza hapa, wala hukukitambua. Ni kijiwe cheusi, chembamba, kinachong'aa kama kipande cha chupa, na aghalabu kimevunjika. Mimi nilivikanyaga vijiwe hivyo kwa miguu mitupu katika shamba la nyanya yangu, kwenye miteremko ya mlima Eburu, juu ya Ziwa Naivasha, na kovu la kimojawapo lingali katika unyayo wangu wa kulia.

Ardhi ya Eburu ina moto chini yake. Asubuhi mvuke hutoka katika nyufa kama moshi wa jikoni, na wenyeji, kwa kuwa maji ni haba, huukinga kwa mabomba ukapoa ukawa maji ya kunywa. Zamani za kale moto huo ulipotapika, ujiuji wa mawe uliotoka ulipoa upesi mno mahali pengine, hata haukupata nafasi ya kuwa jiwe kama mawe mengine, ukaganda ukawa kioo. Kioo hicho huitwa obsidiani. Mtu wa kale alikithamini sana, kwa sababu kikipigwa vizuri hutoa kibanzi chenye makali yanayoushinda wembe wa dukani. Na nyanya yangu, ambaye hakupata kukaa darasani hata siku moja, alivipa vijiwe hivyo jina lisilokuwa mbali na ukweli. Aliviita nyembe za mizimu.

"Ziache hapo hapo, mjukuu wangu," alikuwa akiniambia. "Mwenyewe akija kunyoa atazikosa."

Sikuziacha. Mwaka 2004, nilipoingia kidato cha kwanza, niliona katika kitabu cha historia picha ya kigumba cha jiwe. Kigumba, kama hulijui neno hilo, ni ile ncha itiwayo mbele ya mshale au mkuki. Vigumba tulivyovizoea ni vya chuma. Vya kale vilikuwa vya mfupa au vya jiwe. Picha ile ilifanana na kijiwe nilichokuwa nimekitupia mbwa wiki moja kabla. Basi toka siku ile kila likizo nilikwenda shambani nikiwa nimeinamisha kichwa, na nyanya akadhani nimekuwa mtoto mwenye adabu.

Nilipata mkebe wa biskuti, nikautia pamba ndani. Vijiwe vizima, vyenye ncha na kitako na pande mbili zilizolingana, niliviweka mkebeni. Vilivyovunjika sikuvitaka. Nilivikusanya katika ndoo na kuvimwaga ukutani chini ya ukingo wa paa, mahali maji ya mvua yanapodondokea, ili yasichimbe udongo. Na nyanya akanisifu kwa kazi hiyo kuliko alivyopata kunisifu kwa jambo lolote la shule. Likizo moja nilikwenda kwa mjomba wangu, anayefuga ng'ombe katika njia ya kwenda Magadi, nikaokota vingine malishoni. Hivyo navyo niliviweka katika mkebe ule ule. Sikuandika kitu. Niliona ya nini kuandika, na vyote ni vyeusi, vyote ni vyangu?

Katika mkebe kulikuwa na kigumba kimoja nilichokipenda kupita kiasi. Kilikuwa na umbo la jani, kimechongwa pande zote mbili, kwa vibanzi vidogo vilivyotolewa kwa mpango kama magamba ya samaki. Kilikuwa na aibu moja tu. Ncha yake haikuwapo. Ilikuwa imekatika kadiri ya upana wa ukucha. Mwaka 2006 shule yetu ilifanya maonyesho, nami nikataka kupeleka mkebe wangu. Usiku uliotangulia nilikitazama kigumba kile chini ya taa, nikaona haya kwa niaba yake. Nikatwaa msumari na kitambaa, nikaanza kukibana ukingoni, kibanzi baada ya kibanzi, kwa jinsi nilivyosoma kwamba watu wa kale walifanya. Nilifanya kazi hata jogoo wa kwanza. Kulipokucha kigumba kilikuwa na ncha.

Mwalimu wetu wa historia alikiinua mbele ya wageni. Aliuliza kama nimekiokota hivyo hivyo kilivyo, nami nikajibu ndiyo. Wakapiga makofi. Nikapewa tuzo ya kamusi, yenye jina langu lililoandikwa kwa wino mbele, na kamusi hiyo ninayo mezani ninapoandika maneno haya.

Miaka mingi ikapita. Nilikuwa katika chuo cha ualimu wakati mama mmoja, mtaalamu wa mambo ya kale, alipokuja kutuhutubia juu ya kuwafundisha watoto historia kwa vitu vilivyo karibu nao. Baada ya hotuba nilimfuata na mkebe wangu. Sitakuficha, msomaji: sikwenda kuuliza, nilikwenda kusifiwa. Alitandaza gazeti karibu na dirisha, akavipanga vijiwe safu kwa safu bila kusema neno, kisha akashika kimoja.

"Hiki ulikipata wapi, Mwalimu?" Alituita sote Mwalimu, ijapokuwa hatujahitimu.

Nikamwambia ama ni Eburu ama ni njia ya Magadi.

"Na hiki?"

Nikamjibu vivyo hivyo. Aliuliza mara tatu, na mara ya tatu sauti yangu ilikuwa imepungua. Hapo akakifikia kile kigumba chenye umbo la jani. Hakukitazama uso wala mgongo. Alikielekeza kwenye mwanga, akakigeuza polepole, akaniuliza, bila ukali, kama mtu anayeuliza saa:

"Mwili huu una maelfu ya miaka. Ncha hii ina miaka mingapi?"

Nilimwambia kweli, kwa kuwa niliona anaijua. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Ungaliniletea jinsi kilivyokuwa, pengine ningalikueleza kilivunjikaje. Na vilivyovunjika vingine viko wapi?" Nilipomweleza habari za ndoo na maji ya mvua, alishika paji la uso.

Jioni ile alinipa somo ambalo sikulipata katika kitabu changu cha shule, nami nitakupa sehemu yake hapa, kwa maana huenda wewe nawe una mkebe.

Jambo la kwanza ni kujua kama kijiwe ulicho nacho kilivunjwa na mtu kwa kusudi. Kioo, kiwe cha mlima au cha kiwanda, kikipigwa ukingoni hupasuka kwa namna moja. Mahali pigo lilipoingia hubaki kinundu kilichovimba kidogo, na kutoka hapo huenea mawimbi, kama mawimbi ya dimbwi lililotupiwa kokoto. Kinundu na mawimbi huonyesha pigo, lakini havimtaji mpigaji. Gurudumu la lori juu ya kokoto hutoa kibanzi chenye kinundu, na jembe vile vile. Kazi ya mtu hujulikana kwa mpango: kovu baada ya kovu, katika ukingo uo huo, kuelekea upande uo huo, hata umbo likatokea. Gurudumu halina haja ya umbo.

Jambo la pili ni kujua ni kipande gani ulicho nacho: ncha, au kiwiliwili, au kitako. Hili laonekana dogo, lakini lina hadithi ndani yake. Fikiri mwindaji amemchoma mnyama, na kigumba kimekatika. Ncha inabaki katika nyama. Kitako kimefungwa kwa kano na gundi ya miti katika uti wa mkuki, na uti ni mali, kwani kuupata mti ulionyooka na kuuchonga ni kazi ya siku nyingi. Basi mwindaji haachi uti porini. Huurudisha nyumbani, akafungua kano karibu na moto, akatupa kitako kilichobaki na kutia kigumba kipya. Kwa hiyo mahali penye vitako vingi vilivyovunjika huenda palikuwa kambi, mahali watu walipokaa wakazungumza na kutengeneza silaha zao. Mimi nilikuwa nimevitupa vitako vingapi? Nilipokumbuka ndoo zile nilitaka ardhi inimeze.

La tatu, na hapa ndipo penye ugumu, ni kusoma vunjiko lenyewe. Kigumba huweza kuvunjika mikononi mwa mchongaji kabla hakijamaliza kuchongwa. Pigo likizidi nguvu, au jiwe likishikwa vibaya, hukatika katikati kwa kupinda, na uso wa vunjiko huwa na mkunjo mdogo ukingoni kama mdomo. Kigumba cha namna hiyo utakikuta hakijakamilika: upande mmoja ni mnene, kingo zimekwenda upogo, pengine pana nundu ambayo mchongaji alishindwa kuiondoa. Na kwa kuwa alivitupa vipande vyote viwili palipo miguu yake, mara nyingine huonekana pamoja, ukaviunganisha kama kikombe kilichovunjika. Nimejaribu mimi mwenyewe kuchonga tako la chupa, na katika majaribio kumi nilivunja tisa kwa namna hii. Toka siku hizo sithubutu kumwita mtu wa kale mjinga.

Kigumba kilichorushwa kikapiga mfupa huvunjika kwa namna nyingine. Nguvu hurudi kutoka nchani kuelekea kitakoni, na katika kurudi huko huondoa kibanzi kirefu usoni au ubavuni, kikaacha kovu linaloanza nchani na kukoma ghafula, kama ngazi iliyokatika. Kovu hili wataalamu hulitafuta sana, kwa sababu hulingana na kazi ya kuchoma. Nasema hulingana, wala sisemi huthibitisha. Kule Gademotta, karibu na Ziwa Ziway nchini Ethiopia, vilipatikana vigumba vya obsidiani vyenye umri wa zaidi ya miaka 279,000. Mwaka 2013 wataalamu waliandika kwamba makovu ya nchani kwa baadhi yake yanaonyesha vilirushwa kama mikuki. Wengine wakasema kwamba makovu yaliyo katika ncha za huko ni kazi ya mchongaji mwenyewe, aliyekuwa akiondoa kibanzi kwa kusudi ili kupata makali mapya. Kovu moja, maelezo mawili, nao ni watu waliotumia maisha yao yote katika elimu hiyo, wenye darubini na vipimo. Ukimwona mtu amekiinua kijiwe juani kwa mikono miwili na kutangaza palepale kwamba kiliua swara, msikilize kwa heshima, lakini usiandike.

Tena si kila chenye pembe tatu ni kigumba. Vingi tunavyoviita hivyo vilikuwa visu, au vilikuwa visu asubuhi na vigumba jioni. Na lililonishangaza zaidi ni kwamba neno mshale lenyewe nililitumia ovyo. Vijiwe vyenye umbo la jani au pembe tatu, vya kadiri ya kidole, katika nchi yetu aghalabu ni vya Zama za Mawe za Kati, na vilifungwa katika mikuki au vipini. Baadaye sana, katika Zama za Mawe za Mwisho, watu wengi wa Bonde la Ufa walikata vijiwe vidogo kama mwezi mchanga, wakavigandisha kwa gundi mbele au ubavuni mwa uti. Katika Pango la Gamble, karibu na Elmenteita, Louis Leakey alichimbua vingi vya namna hiyo. Vijiwe hivyo ni vidogo mno hata mimi nilivichekecha nikavimwaga, nikidhani ni takataka za vigumba vyangu.

Kuna vunjiko la nne, lile la jana. Ng'ombe hukanyaga, jembe hugonga, mtoto hubana kwa msumari. Kulitambua si kazi ngumu kama hizo nyingine. Uso wa obsidiani uliokaa ardhini maelfu ya miaka hufifia. Maji, mchanga na hewa huuvika utando, weusi wake ukawa kama wa kaa lililozimika. Uso uliovunjika jana hung'aa kama jicho la mbuzi. Kigeuze kijiwe taratibu mbele ya dirisha: vunjiko likifanana na uso kwa kufifia, basi ni la kale, likimetameta peke yake, ni la mgeni. Ndivyo nilivyokamatwa. Mwili wa kigumba changu ulikuwa umefifia wote, na nchani palikuwa na kipande cha ukucha kinachong'aa kama wino ambao haujakauka.

Nilidhani hapo ndipo penye kosa langu kubwa. Sivyo. Yule mama aliweka kigumba chini, akasema jambo la ncha linaweza kusameheka, kwa kuwa ncha mpya yaonekana wala haimdanganyi mtu mwenye macho. Lililomsikitisha lilikuwa jibu langu la kwanza, lile la ama Eburu ama Magadi.

Akanieleza hivi. Kioo cha kila mlima kina mchanganyiko wake, na mchanganyiko huo ukipimwa hutambulisha mlima kama sauti inavyomtambulisha mtu gizani. Haidhuru kipande kiwe kidogo, haidhuru kiwe kimevunjika mara tatu. Kipande cha kadiri ya punje ya mahindi chaweza kutaja mlima wake. Kwa kipimo hiki wataalamu waliochimba Olorgesailie, katika njia hiyo hiyo ya Magadi, walitoa habari mwaka 2018 kwamba watu waliokaa huko miaka ipatayo 300,000 iliyopita walitumia obsidiani iliyotoka mbali, kati ya kilomita 25 na 95. Watu wa kabla yao katika bonde lile walitumia zaidi mawe ya hapo hapo. Kilomita 95, msomaji, kwa miguu, katika nchi yenye simba! Ama mtu aliusafiri mwendo huo, ama jiwe lilipita mkono hata mkono, kutoka kundi hata kundi, na watu wasiojuana wakawa na mapatano ya kupeana. Kwa namna yoyote ile, kijiwe kilichoko mbali na mlima wake ni habari kubwa.

"Sasa tazama," alisema, akanionyesha kigumba changu. "Tuseme kioo hiki ni cha Eburu. Ikiwa ulikiokota Eburu, kiko nyumbani kwao. Ikiwa ulikiokota kwa mjomba wako, kilisafiri, nasi tungependa sana kujua lini na na nani. Jiwe ni lile lile. Nusu ya maneno yake yalikuwa katika mahali, na mahali umepaacha."

Nilifumba macho nikajaribu kukumbuka. Niliona mkono wangu ukikiokota, niliona udongo ukikidondoka, lakini udongo wenyewe haukuwa na rangi. Mpaka leo hauna.

Kuna mtu mmoja wa Marekani ambaye habari zake nilizisoma baadaye katika maktaba ya chuo, na kila nikizikumbuka hunichoma. Aliitwa George McJunkin. Alizaliwa utumwani Texas mwaka 1851, na baada ya kuwa huru akawa mchunga ng'ombe, akajifunza kusoma, akapanda hata kuwa msimamizi wa shamba kubwa la mifugo karibu na mji wa Folsom, katika New Mexico. Mwezi wa Agosti mwaka 1908 mafuriko makubwa yalichimba korongo, naye alipokuwa akikagua ua wa shamba aliona mifupa imetokeza chini kabisa. Alikuwa mtu wa mifugo, alijua mifupa. Aliona ni ya nyati wa Marekani, lakini ni mikubwa kuliko ya nyati aliopata kuwaona, tena imelala chini mno. Aliwaambia watu habari hiyo kwa miaka, wala wataalamu hawakuja. Alifariki mwaka 1922. Mwaka 1926 wachimbaji wa makumbusho ya Denver walianza kazi katika korongo lile, na vigumba vya mawe vikaonekana. Lakini vilikuwa vimekwisha kutoka katika udongo, na wakubwa wa elimu wakasema huenda viliporomoka kutoka juu. Mwaka 1927 kilionekana kigumba kimekwama katikati ya mbavu za nyati. Safari hii hakuna aliyekigusa. Wachimbaji walikiacha katika udongo, wakapeleka simu, na wataalamu wakaja kukitazama kwa macho yao. Ndipo walipokubali kwamba watu waliwinda Marekani zama za nyati wale waliotoweka, na sasa twajua ni zaidi ya miaka 12,000 iliyopita. Mikono iliyojizuia siku chache tu ilitenda kazi kuliko vigumba vyote vilivyokuwa masandukuni.

Sikuambii haya ili kuwatukana waokotaji. Hata Leakey mwenyewe alianza hivyo. Alipokuwa mtoto Kabete alisoma kitabu juu ya Zama za Mawe za Ulaya, akatoka kutafuta jiwe la gumegume alilolisoma. Na kwa kuwa hakujua gumegume ni jiwe la namna gani, akaokota obsidiani. Alimpelekea Arthur Loveridge, mtunzaji wa makumbusho ya Nairobi, huku akihofu kuchekwa, naye akamhakikishia kwamba baadhi yake ni vifaa vya kale kweli. Kosa la bahati! Kuokota kwake kulimfaa, kwa sababu alikwenda kuuliza mapema. Mimi nilikwenda kuuliza baada ya kuchukua tuzo.

Siku hizi pana sheria pia, nayo yafaa uijue. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ilitungwa mwaka 2006, mwaka ule ule nilipokaa na msumari wangu chini ya taa. Kwa sheria hiyo vitu vya kale vilivyomo ardhini ni mali ya Serikali, kuchimba bila kibali ni kosa, na mwenye kugundua kitu cha namna hiyo hupasa kuwaarifu watu wa Makumbusho ya Taifa mahali hasa alipokiona, ndani ya siku 7. Zingatia neno lile, mahali. Sheria nayo yauliza swali la yule mama.

Likizo iliyofuata nilikwenda Eburu. Nyanya alikuwa amekwisha kufariki, na nyumba imefungwa, lakini bati lilikuwa bado linadondosha maji mahali pale pale. Mvua za miaka zilikuwa zimeosha udongo, na vijiwe vimejipanga ukutani kwa msitari, safi, kama meno. Nilichutama. Nilihesabu vitako 19, viwiliwili 11, na ncha 6. Kimoja katika zile ncha kilikuwa na kovu refu lililokoma kama ngazi, limefifia sawasawa na uso wake. Nilijaribu kuviunganisha vyote na kigumba changu, kimoja kimoja, ijapokuwa nilijua kwamba mahali pa kuungia nilipaharibu mwenyewe kwa msumari. Hakuna kilichoingia. Mchana kutwa nilikaa pale, na maji ya mvuke yakidondoka katika pipa la jirani.

Mwalimu wangu wa historia amestaafu, anafuga kuku. Nilimpelekea kigumba na kamusi, nikamweleza yote nikiwa nimesimama, kama mwanafunzi. Hakunikatiza. Kisha akatia miwani, akakichukua kigumba, akaniomba nimwonyeshe kazi yangu inaishia wapi na kazi ya yule wa kale inaanzia wapi. Nikamwonyesha. Alikigeuza juani mara nyingi kuliko nilivyotazamia.

"Kamusi umeitumia?" aliuliza mwishoni.

"Kila siku, Mwalimu."

"Basi ondoka nayo. Lakini jiwe hili lipeleke linakostahili, na useme."

Nikanunua bahasha na karatasi. Vijiwe vyote vya mkebe na vyote vya ukutani nilivifunga mbalimbali ili visigongane, nikavipeleka Nairobi, na kila fungu likawa na kikaratasi chake. Vya ukutani niliandika: Eburu, shambani kwa nyanya, viliokotwa kati ya 2004 na 2006, mahali hasa hapajulikani. Kwa kigumba chenye umbo la jani nilikaa muda mrefu kabla ya kuandika. Kikaratasi chake kinasema: Eburu au njia ya Magadi, mwokotaji hakumbuki. Ncha, kadiri ya upana wa ukucha, ilichongwa na mwokotaji kwa msumari, mwaka 2006.